Nyuzi 7 za joto na lami isiyo na theluji: tubadilishe matairi sasa au tusubiri?

1. MwanaPangani (Kassel, Ujerumani)

Wakuu, salaam. Naomba tulijadili jambo hili kwa utulivu, maana kila Oktoba linanirudia na kila ninayemuuliza ananipa jibu lake. Gari langu bado lina matairi ya kiangazi, na kina cha mitaro yake ni milimita 5, kwa hiyo hayajakaribia kuwa vipara. Alfajiri ninapokwenda kazini kipimajoto cha gari kinaonyesha nyuzi 4 au 5, mchana zinapanda hadi 11 au 12, na barabara ama ni kavu ama imelowa kwa manyunyu. Theluji haijaonekana.

Fundi wa gereji ninayoitumia amesema kwamba joto likishuka chini ya nyuzi 7, mpira wa tairi la kiangazi unakuwa mgumu kama ubao, na kwa hiyo nibadilishe wiki hii hii. Mwenzangu wa kazini, ambaye husoma magazeti ya magari kwa makini, anasema hayo ni maneno ya biashara, na kwamba maadamu hakuna theluji wala barafu, tairi zuri la kiangazi bado linasimama mapema kuliko la baridi. Wote wawili ni watu wakweli. Mwisho wa wiki huwa ninapanda Winterberg kwa dada yangu, na huko njia ni ya milima. Napenda nielewe sababu yenyewe ili niamue mwenyewe.

2. Kipanga wa Usambara (München, Ujerumani)

Fundi wako amekuambia kweli. Kanuni tuliyoikuta hapa Ujerumani ni kwamba matairi ya baridi hukaa kwenye gari kuanzia Oktoba hadi Pasaka, na haikuzuka bila sababu. Mpira wa tairi la kiangazi huchanganywa ili ustahimili lami iliyochomwa na jua bila kulainika kupita kiasi, kwa hiyo baridi inapoingia unakakamaa, haujipindi kuzifuata chembe za lami, na mshiko unapungua. Tairi la baridi kwa kawaida lina mpira wa asili mwingi zaidi pamoja na silika nyingi, na ndiyo sababu hubaki laini hata asubuhi yenye sakitu. Nyuzi 7 ndipo mstari ulipo. Badilisha, ulale usingizi.

3. Nahodha Mlamu (Leeds, Uingereza)

Kipanga, kwa heshima zote, mstari huo umeutoa wapi? Huku Uingereza hakuna sheria ya matairi ya baridi hata moja. Sheria yetu inadai kina cha milimita 1.6 katika robo tatu za katikati ya upana wa tairi, basi, na watu wengi huendesha kwa matairi ya kiangazi Januari hadi Desemba. Majira yetu ya baridi ndiyo hasa hali anayoieleza MwanaPangani, yaani nyuzi 3 hadi 9, mvua nyembamba, na theluji ya siku chache ambayo pengine haifiki.

Mwenzake wa kazini ana hoja. Tairi la baridi lina vipande laini vilivyokatwakatwa chale nyingi nyembamba, na ukikanyaga breki kwa nguvu juu ya lami kavu vipande hivyo vinajikunja, gari linayumba kidogo, na safari ya kusimama inarefuka. Majaribio ya magazeti ya magari yameonyesha jambo hili mara nyingi: kwenye lami kavu, hata joto likikaribia sifuri, tairi la kiangazi linalishinda la baridi.

4. FundiRingi (Göteborg, Uswidi)

Nafanya kazi ya kufunga matairi, kwa hiyo mniruhusu niandike kwa urefu.

Nyote wawili mmeshika sehemu ya jambo. Mpira kweli unakakamaa kwa baridi, lakini unakakamaa polepole, nyuzi baada ya nyuzi, na hakuna kitu kinachotokea ghafla kwenye 7 ambacho hakikuwa kimeanza kwenye 12. Nyuzi 7 ni makadirio yaliyopendelewa kwa sababu ni rahisi kukumbuka, na kwa sababu siku ambayo mchana una nyuzi 7 mara nyingi alfajiri yake hukaribia sifuri. Ukiitazama kwa jicho hilo, ni kanuni ya kalenda zaidi ya kuwa kanuni ya kemia. Aidha, mchanganyiko wa mpira hutofautiana sana kati ya tairi na tairi. Yale ya kiangazi yaliyotengenezwa kwa ajili ya magari ya mbio huwa magumu mapema, na baadhi ya watengenezaji huonya kwamba yasitumike wala kusogezwa joto likiwa karibu nyuzi 7 chini ya sifuri, kwa kuwa mpira unaweza kupasuka. Tairi la kawaida la gari la familia haliko hivyo.

Kinachoyatenganisha kabisa matairi haya mawili ni theluji. Tairi la baridi lina mitaro inayoshika theluji na kuibana ndani yake, na theluji iliyobanwa inashikana na theluji iliyo barabarani. Zile chale alizozitaja Nahodha zinafunguka na kutoa mamia ya kingo zinazokwaruza. Tairi la kiangazi halina chombo hicho hata likiwa jipya. Hapo tofauti haipimwi kwa hatua moja au mbili, kwani gari lenye matairi ya kiangazi juu ya theluji linaweza kuhitaji umbali unaokaribia mara mbili ili lisimame.

Katikati ya hali hizo mbili, yaani lami iliyolowa kwenye nyuzi 2 hadi 8, ndipo pagumu, na huko hakuna jibu moja. Nimeona matairi ya baridi ya bei ya juu yakilingana na ya kiangazi au kuyapita kidogo, na nimeona matairi ya baridi ya bei rahisi yakiteleza vibaya kwenye maji. Kwa hali ya MwanaPangani ningeuliza kwanza ubora wa kila seti, kisha ndiyo niulize kipimajoto.

5. MamaSalma (Montréal, Kanada)

Asante FundiRingi. Huku Québec mjadala huu umekatwa na sheria: kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi gari lazima liwe na matairi ya baridi, na faini ni dola 200 hadi 300. Sheria ilianza kutumika mwaka 2008, na wakati huo tarehe ya kuanza ilikuwa 15 Desemba. Ilirudishwa nyuma mwaka 2019 kwa sababu theluji ilikuwa ikiwatangulia watu.

Jambo ambalo watu wanalisahau ni foleni ya gereji. Ukingoja hadi utabiri utaje theluji, utapewa miadi baada ya theluji kushuka. Mimi hubadilisha mapema Novemba, na sababu yangu haihusiani na ugumu wa mpira hata kidogo. Mwaka mmoja mvua ilinyesha jioni na kuganda usiku, na asubuhi barabara ya mtaani kwetu ilikuwa kioo kitupu, ilhali jana yake tulikuwa na nyuzi 8. Magari yaliyokuwa yameshabadilishwa yalitambaa hadi barabara kuu, na mengine yalibaki yamekwama kwenye kilima. Wanaosema "nitabadilisha hali ikibadilika" wanadhani hali itabisha hodi.

6. Nahodha Mlamu

MamaSalma, dada yangu, Montréal na Leeds si hali moja. Wewe ukikosea siku moja unaingia kwenye barafu, nami nikikosea siku moja ninaingia kwenye tope la bustani ya jirani. Nakubali hoja yako kwa Québec. Sikubali kwamba inahamia kila mahali penye nyuzi 7.

7. Asali ya Tabora (Dortmund, Ujerumani)

MwanaPangani, zingatia sheria ya hapa. Haina tarehe, inafuata hali ya barabara. Kukiwa na theluji, tope la theluji, barafu au sakitu inayoteleza, huruhusiwi kuendesha bila matairi yanayofaa, awe mwezi wa Oktoba au wa Aprili. Lami ikiwa kavu unaweza kuendesha kwa matairi ya kiangazi hata Januari bila kuvunja sheria. Matairi yenye alama ya M+S (yaani matope na theluji) yanatosha, na faini ya kukiuka ni euro 60.

8. Kipanga wa Usambara

Asali, sehemu ya kwanza ni sahihi, lakini kuhusu M+S umechelewa. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 alama hiyo peke yake haikubaliki tena Ujerumani. Tairi lazima liwe na alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Pamoja na euro 60 unapata nukta moja kwenye rekodi yako huko Flensburg, zinakowekwa kumbukumbu za makosa ya madereva, na ukizuia magari mengine faini inapanda hadi euro 80. Wenye matairi ya zamani ya misimu yote wayageuze na kuyatazama ubavuni, maana wengi wanaamini wamekamilika kumbe sivyo.

9. Mhandisi wa Mvomero (Aachen, Ujerumani)

Nimesoma tangu mwanzo na ninaona jambo moja limepita bila kuguswa. Alama ya mlima na chembe ya theluji hutolewa kwa jaribio la theluji tu: tairi linapimwa mshiko wake juu ya theluji iliyoshindiliwa na kulinganishwa na tairi la rejea. Jaribio hilo halisemi chochote kuhusu barafu, wala kuhusu lami iliyolowa kwenye nyuzi 5. Kwa hiyo mtu anayenunua tairi kwa sababu ya alama, akitarajia kwamba litamsaidia alfajiri ya Oktoba yenye manyunyu, anajibiwa swali ambalo hakuuliza.

Kwa alfajiri hiyo, tazama kibandiko cha Umoja wa Ulaya. Tangu Mei 2021 kina herufi A hadi E za kusimama kwenye lami iliyolowa, na pia alama za theluji na za barafu pale tairi linapostahili. Tairi la baridi lenye herufi D kwenye maji na tairi la kiangazi lenye herufi A si wapinzani wa kulingana, hata kipimajoto kikisoma 6. Ningependa watu waache kuuliza "baridi au kiangazi" kana kwamba ni aina mbili za chuma, wakati ndani ya kila kundi tofauti ni kubwa kuliko zinavyodhaniwa.

10. Limuru Asili (Minneapolis, Marekani)

Wakuu, habari. Huku Minnesota hakuna sheria inayomlazimisha mwenye gari dogo kufunga matairi ya baridi, ingawa tunafika nyuzi 25 chini ya sifuri. Wakazi hawaruhusiwi hata kutumia matairi ya misumari, yaani yenye vichwa vya chuma vya kushika barafu. Watu wengi wana matairi ya misimu yote mwaka mzima, na wengi wa ndugu zetu wanaamini kwamba gari linalovuta kwa magurudumu yote manne linatosha. Hilo ndilo linalonitia hofu zaidi. Kuvuta kwa magurudumu manne kunakusaidia kuondoka, lakini kila gari, hata dogo la kawaida, lina breki kwenye magurudumu manne, na kinacholisimamisha ni mpira uliogusa ardhi. Kila theluji ya kwanza ninayaona magari makubwa ya aina hiyo yakiwa mtaroni.

11. Mzee wa Makete (Makete, Njombe)

Wanangu, nawasoma kutoka nyumbani na ninajifunza. Huku kwetu, hasa kuelekea Kitulo, Juni na Julai asubuhi majani yanakuwa meupe kwa sakitu, na joto hushuka hadi sifuri. Hakuna anayebadilisha tairi. Je, tunajihatarisha bila kujua, au mnakuza mambo?

Na la pili: kijana wangu amenunua gari lililotumika kutoka Japani, limeshushwa Dar es Salaam, na matairi yake yana chale nyingi nyembamba kama mlivyoeleza. Ni mazima, hayana hata mchubuko. Muuzaji anasema ni matairi ya hali ya juu. Naomba mnifafanulie.

12. FundiRingi

Shikamoo mzee. Naanza na la pili kwa sababu ndilo la hatari.

Hayo ni matairi ya baridi ya Kijapani yasiyo na misumari, na ubavuni huenda yameandikwa STUDLESS. Japani walikuwa wakitumia misumari kwa wingi hadi vumbi la lami iliyochimbuliwa likawa tatizo la afya mijini, ndipo mwaka 1990 ikapitishwa sheria ya kuipiga marufuku. Watengenezaji wao wakalazimika kutafuta mpira laini sana wenye chale nyingi ili ushike barafu bila chuma. Magari yanayotoka Hokkaido na kaskazini mwa Honshu mara nyingi huuzwa yakiwa nayo. Tafuta kwenye bega la tairi mshale mdogo. Ufuate hadi kwenye mtaro, nako utaona kibonge cha mpira kilichoinuka. Mpira ukilika hadi usawa wa kibonge hicho, nusu ya uhai imekwisha, na Wajapani hawalihesabu tena kuwa tairi la baridi.

Kwa lami ya Dar au ya Chalinze mchana, mpira huo ni laini kupita kiasi. Utalika upesi, gari litayumba kwenye kona, na mvua ya masika ikikutana nao breki zitakuwa ndefu. Tazama pia herufi ya mwendo, kwani mengi yana Q, yaani mwisho kilomita 160 kwa saa. Kijana ayaondoe, tafadhali.

Kuhusu sakitu ya Makete: hatari ipo asubuhi ya mapema, hasa juu ya madaraja na kwenye kivuli, lakini inakwisha jua likichomoza. Kwa saa chache hizo kupunguza mwendo kunatosha. Hakuna anayehitaji seti ya pili.

13. Mzee wa Makete

Marahaba, asante. Ila niulize zaidi: kijana anasema yanashika vizuri kwenye tope la njia ya shambani. Je, si faida?

14. FundiRingi

Kwenye tope jepesi yanaweza kushika kuliko tairi la barabarani lililochakaa. Kwenye utelezi wa udongo mwekundu, chale hizo hujaa udongo, tairi linakuwa silinda laini, nawe unabaki unazungusha magurudumu mahali pamoja. Udongo unataka vipande vikubwa vilivyoachana, vinavyojisafisha.

15. Bint Mrima (Oslo, Norway)

Nirudi kwenye swali la MwanaPangani, maana kuna maelezo mengine ambayo hayajatajwa. Kipimajoto cha gari hupima hewa karibu na bampa, hakipimi lami. Usiku wenye anga wazi lami hupoteza joto kuelekea angani na inaweza kuwa chini ya sifuri wakati hewa inasoma nyuzi 3. Madaraja huganda kwanza kwa sababu upepo unapita chini na juu. Kwa hiyo mtu anayeona "4" kwenye kioo na kujiambia ana nyuzi nne za usalama anajidanganya.

Ndiyo maana sikubaliani na FundiRingi anaposema kanuni ya nyuzi 7 ni ya kalenda tu. Mimi naiona ni pengo la tahadhari kati ya hewa na lami. Na kuhusu misumari, huku Oslo unailipia ada kwa sababu ya vumbi lile lile alilolitaja.

16. FundiRingi

Bint Mrima, maelezo yako ni mazuri, ila tofauti yetu ni ndogo kuliko unavyoiweka. Wote tunasema barafu isiyoonekana ndiyo sababu, si mpira. Stockholm nako matairi ya misumari yamepigwa marufuku mtaa wa Hornsgatan tangu mwaka 2010, kwa vumbi. Kwingineko Uswidi yanaruhusiwa kuanzia 1 Oktoba hadi 15 Aprili.

17. Asali ya Tabora

Asante Kipanga kwa kunisahihisha, nimeyakagua matairi yangu na alama ipo. Sasa mbona hakuna anayemshauri MwanaPangani achukue ya misimu yote? Tangu Michelin walipoleta CrossClimate mwaka 2015, matairi ya aina hii yamebadilika sana. Yana alama ya theluji, yanakubalika kisheria, na huna haja ya kuweka seti ya pili chini ya kitanda. Naishi ghorofa ya nne bila lifti, na sitaki kuyabeba matairi mara mbili kwa mwaka.

18. Kipanga wa Usambara

Kwa Dortmund, ambako theluji ni mgeni, sina pingamizi. Kwa mtu anayepanda Winterberg kila mwisho wa wiki nina pingamizi kubwa.

Kassel iko kwenye mita 170 hivi juu ya bahari. Winterberg iko karibu mita 670, na kilele cha Kahler Asten kilicho jirani kinapita mita 840. Kila mita 100 unazopanda, joto hushuka kwa wastani wa nyuzi 0.6 hivi. Akiondoka Kassel kukiwa na nyuzi 5, anafika kwa dada yake kukiwa na nyuzi 2, na juu zaidi kukiwa na 1. Mvua nyepesi ya bondeni inaweza kuwa theluji nzito ya kilimani katika safari ile ile, kwa matairi yale yale. Hiyo ndiyo barabara yake, nanyi mnamjibu kana kwamba anaishi uwandani.

19. Nahodha Mlamu

Hoja ya mwinuko ni nzito na sina neno juu yake. Lakini nikumbushe kitu kimoja kwa wale wanaohisi gari linateleza asubuhi za baridi na kuulaumu mpira: je, mmepima upepo? Joto likishuka kwa nyuzi 10, upepo ndani ya tairi hupungua kwa PSI 1 hadi 2. Mtu aliyejaza Julai na hajapima tena anaendesha Oktoba akiwa na matairi malegevu, kisha anafunga mapya yaliyojazwa vizuri na kusifu mpira wa baridi kwa kazi iliyofanywa na pampu.

20. MwanaPangani

Nashukuruni sana. Nimepima kama Nahodha alivyoshauri, na kweli upepo ulikuwa chini kidogo kuliko kibandiko cha mlangoni. Nimesoma pia tarakimu nne za mwisho ubavuni. Matairi ya kiangazi yana 1417, yaani wiki ya 14 ya mwaka 2017. Ya baridi yaliyo stoo yana 3621 na kina cha milimita 6. Je, umri huu unabadilisha jambo?

21. FundiRingi

Kwangu mimi unabadilisha zaidi ya kipimajoto. Mpira hukakamaa kwa umri hata ukiwa na mitaro mizuri, kwa sababu ya hewa, joto na jua. Milimita 5 za mwaka 2017 si sawa na milimita 5 za mwaka jana. Huenda fundi wako aligusa tairi, akahisi ugumu wa miaka, akaueleza kwa maneno ya nyuzi 7.

22. Mhandisi wa Mvomero

Hapo siko nawe kikamilifu. Umri una athari, lakini tairi lililohifadhiwa gizani na kutumika nusu ya mwaka halizeeki kama lililokaa juani. Bila kupima ugumu kwa kifaa, tunakisia. Ningeangalia kwanza kama kuna nyufa ndogo ubavuni.

23. Limuru Asili

Ikiwa ataamua kubadilisha, tafadhali abadilishe yote manne. Niliwahi kumwona jirani akifunga mawili tu mbele ili aokoe pesa. Mbele kulishika, nyuma kukaachia, na gari likageuka nusu duara kwenye makutano. Kwa bahati hakuna aliyeumia.

24. MamaSalma

Na aulize bima yake. Ajali ikitokea kwenye theluji ukiwa na matairi ya kiangazi, bima ya kutengeneza gari lako mwenyewe inaweza kupunguza malipo kwa madai ya uzembe mkubwa. Shemeji yangu aliyeko Ujerumani yalimkuta.

25. MwanaPangani

Nitabadilisha Jumamosi, kabla ya safari ya Winterberg. Mwinuko ndio ulionisukuma, ingawa kwa njia ya kazini peke yake ningesubiri. Nina jeki na spana, na ninafikiria kufunga mwenyewe kwa kuwa yako kwenye rimu zake. Kuna la kuzingatia?

26. FundiRingi

Sugua kutu pale rimu inapokaa kabla ya kufunga, usipake grisi kwenye nyuzi za nati, na ufuate mshale wa mzunguko ulioko ubavuni. Kaza kwa mkingamo, kwa spana yenye kipimo, hadi kiwango kilichoandikwa katika kitabu cha gari. Baada ya kilomita 50 kaza tena. Yaliyotolewa yaandike chaki mahali yalipokuwa, na yenye mitaro mirefu zaidi yarudi nyuma mwakani.

27. Kipanga wa Usambara

Na ikiwa herufi ya mwendo ya matairi ya baridi ni ndogo kuliko mwendo wa juu wa gari, bandika kibandiko cha mwendo huo mbele ya macho ya dereva. Hapa Ujerumani ni lazima.

28. Mzee wa Makete

FundiRingi, umetaja spana yenye kipimo. Huku kwetu vijana wa gereji hupanda juu ya spana na kuikanyaga kwa uzito wote wa mwili, na wanasema nati ikilegea ni aibu ya fundi. Mwezi uliopita bolti moja ya gari la kijana wangu ilikatika wakati wa kufungua. Je, ni kwa ajili ya kukanyaga huko, au ni kutu ya chumvi iliyotoka nayo Japani?